Valvu ya Destroya na Mzani wa Getini

Weka mkono kifuani uape: hutamwambia mtu, hata wa kitandani mwako. Umeapa? Vizuri. Mimi sikuapa, kwa hiyo nasema.

Nauza maandazi kwenye geti la yadi ya vyuma vikuukuu, Isipingo, hapa Durban. Humo wanakatakata destroya, manowari ya zamani. Kiwanda cha spea zake kilishafungwa, hivyo dada zake walio bado baharini wanaishi kwa viungo vya huyu marehemu. Valvu moja ya shaba ni kama dhahabu.

Juzi jioni valvu ilipotea. Msimamizi akafunga geti, akamkaba mfanyakazi mmoja Mkongo, baba wa watoto wanne.

"Ni wewe, kwerekwere, mgeni mwizi! Polisi wanakuja."

Yule baba akamsihi. "Chef, bosi wangu, sina kitu! Wakinifunga watanirudisha kwenye vita. Watoto yangu iko hapa!"

"Panda mzani!"

Pale kila mtu hupimwa akiingia na akitoka. Mkongo akapanda, na uzito wake ulikuwa uleule wa asubuhi. Wenzake wote vilevile. Msomaji wangu, mtu aliyefunga koti hadi shingoni kwenye joto la Durban hunitia wasiwasi, na ulimi wangu haunitii.

"Na wewe, baba msimamizi, mbona hupandi?"

"Mama, uza maandazi yako!"

"Panda," akasema tajiri mwenye yadi, aliyekuwa amekuja kutazama upimaji.

Msimamizi akapanda. Sindano ikaruka kilo tisa juu ya uzito wake wa asubuhi. Tajiri akafungua kifungo kimoja cha koti, na valvu ikaanguka juu ya mzani, ngo! mbele yetu sote.