Maji ya Kwanza ya Asiyechimba

Shangazi alinipigia simu nikiwa na pini mdomoni. Akasema nyanya amekataa kula. Hakusema ni mgonjwa, alisema amekataa. Akipewa uji anausukuma kando na kuagiza upelekewe watoto wa jirani, kwa sababu tangu apatwe na kiharusi mkono wake wa kulia umekufa, hawezi kulima wala kusokota mkonge, na mtu asiyefanya kazi anawamalizia wengine chakula katika ukame kama huu.

Niliacha sketi za wanafunzi juu ya cherehani kule Sultan Hamud, nikaenda nyumbani Kitui. Na nikuambie ukweli, rafiki yangu, njiani sikumwaza nyanya peke yake. Niliwaza pia pindo moja ambalo niliona limepinda. Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudisha zilivyokuwa, na labda ndiyo maana mpaka leo nafumua kuliko ninavyoshona. Mteja akisema iko sawa, simwamini. Siku kazi ikiniharibikia sitaki hata kujitazama kwenye kioo.

Njia ya kwenda kwetu inavuka mto. Nilisimama pale, na kwa muda nikawa mtoto tena.

Mto wetu ulikuwa wa mchanga. Mvua zikiisha, maji yalizama chini ya mchanga, nasi tuliyafuata kwa koleo. Tulishuka asubuhi na punda, mitungi ya plastiki ikigongana mgongoni mwake, njiwa wakilia kwenye migunga. Wanawake walichimba kwa zamu mpaka shimo likamzidi mtu kimo. Kwanza ulikuja unyevu, na ile harufu ya mchanga mbichi ambayo ningeitambua hata nikiwa usingizini. Kisha maji machafu, yakachotwa na kumwagwa, yakaja mengine, yakamwagwa. Tulisubiri tukiwa na kiu, midomo imekauka, mpaka shimo likaanza kutoa maji masafi taratibu.

Na yale masafi ya kwanza hakunywa aliyechimba. Nyanya alikuwa ameiweka sheria hiyo pale shimoni, na akina mama wote waliifuata. Kibuyu cha kwanza alipewa jirani yetu.

Jirani alikuwa mtu mzima ambaye miguu yake haikuwahi kusimama. Alitambaa, magoti yamefungwa vipande vya tairi, na alishuka mtoni kila siku ijapokuwa hakuna alichoweza kubeba. Alikaa ukingoni akituchekesha. Yeye ndiye aliyempa punda wetu jina la "mwalimu mkuu," kwa kuwa punda huyo alitembea polepole na hakumsikiliza mtu.

Siku moja kijana mmoja aliyetoka kuchimba, jasho likimtiririka, alishindwa kuvumilia, akamgeukia nyanya, ambaye kwa Kikamba sote tulimwita Susu.

"Susu, huyu hata koleo hajashika! Mbona anywe mbele yangu?"

Nyanya hakuinua kichwa. Aliendelea kuchota.

"Na wewe, siku Mungu alikuwa anakufinyanga, ulimshikia koleo?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mchanga. Jirani akasema, "Mpe tu, Susu, huyu ana kiu ya hasira." Nyanya akakataa. Jirani akanywa taratibu, akapangusa mdomo, akampa yule kijana kibuyu kwa mikono miwili, kama anampa mgeni. Kijana alikipokea akiangalia chini.

Jioni hiyo nilikuwa nikitwanga mahindi ya muthokoi kwenye kinu ili yatoke maganda, moshi wa kuni ukiniuma macho, nikamwuliza nyanya jambo lililonisumbua. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alikuwa ametuambia kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Je, Mungu anatambaa? Nilitarajia kofi. Nyanya alifunika chungu, akafikiri.

"Yesu alipokuwa mtoto, unadhani alianza na nini? Alitambaa. Na hata wakati huo, kabla hajaponya mtu, kabla hajahubiri, mamajusi walimpigia magoti. Sasa twanga."

Nililala nimeshiba muthokoi na jibu hilo.

Nilipoingia chumbani kwake safari hii, sikumtambua mara moja. Alikuwa amegeukia ukuta. Uji ulikuwa kando ya kitanda, umepoa na kuota ngozi juu.

"Susu, ni mimi."

"Nimesikia. Umeacha kazi kwa sababu ya kitu kizee kama mimi?"

Nilikaa. Mstari wangu nilikuwa nimeuandaa njiani, nimeurudiarudia kichwani kama ninavyorudia mishono, mpaka nikaona umenyooka.

"Susu, siku Mungu alikuwa anakufinyanga, ulimshikia koleo?"

Alinigeukia polepole. Nilidhani atacheka. Nilikuwa nimetegemea sana kicheko hicho.

"Hayo niliyasema nikiwa na nguvu," akasema. "Mwenye koleo mkononi ni rahisi kusema hivyo."

Yote niliyowahi kuamini kuhusu mtu na thamani yake nilikuwa nimeyapata kwake, na sasa yeye mwenyewe alikuwa ameyaacha. Na jambo lililonitia hofu zaidi ni kwamba mimi niliyaacha zamani, bila kumwambia yeyote. Nikaanza kulia, na maneno yakatoka bila mpangilio.

"Mimi pia niko hivyo, Susu. Siku nisiposhona vizuri najiona takataka. Naona hata Mungu ananitazama kama nguo ya kufumuliwa."

Aliinuka kwa kiwiko kimoja. Sijui nguvu alizitoa wapi.

"Nani amekuambia upuuzi huo?"

"Wewe. Sasa hivi. Kwa uji huu."

Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe cha maji, hakuingia wala hakutoka. Nyanya akanyoosha mkono wake mzima, akakichukua kile kikombe. Nilifikiri atakunywa. Alinisogezea mimi mdomoni, maji yakinimwagikia shingoni.

"Kunywa. Leo wewe ndiye usiyeweza kuchimba."

Nilikunywa. Kisha nikamrudishia, naye akanywa, na baadaye akakubali uji, vijiko vichache tu, mdomo wa upande uliopooza ukiuachia utiririke. Shangazi alitoka nje nikamsikia akipenga kamasi.

Natamani niishie hapo. Lakini kesho yake alikataa tena, akageukia ukuta. Bado niko hapa. Mwenye sketi zake amepiga simu mpaka amechoka, na lile pindo lililopinda bado linanijia kichwani. Kila asubuhi tunaanza upya, na kila asubuhi sina hakika kama atakubali.

Pale mtoni hakuna tena shimo. Malori yalikuja yakabeba mchanga kwenda kujenga nyumba za mbali, mpaka mwamba ukabaki wazi kama mfupa. Mvua ikinyesha maji yanapita mbio, hayana mahali pa kujificha. Jirani alizikwa kabla mchanga haujaisha, na punda wetu hayupo. Siku hizi maji yanaletwa na boda boda, kila nyumba na mtungi wake, kila mlango umefungwa, na hakuna anayejua nani kwa jirani hana nguvu za kuchota. Ile sheria ya kibuyu cha kwanza haikufutwa na mtu. Ilikosa tu mahali pa kusimama.

Namimina kikombe, nakipeleka kitandani. Nyanya anakitazama, kisha ananitazama mimi. Nami nakishika hapo kati yetu, mkono ukiniuma, tukisubiriana.