Mama Mkwe Kwenye Kona ya Tatu

Pale kijiweni Newala, Optatus aliitwa Jeneza, na jina hilo hakulipewa kwa kuonewa. Aliendesha bodaboda yake kwa mwendo ule watu wanaoutumia kumsindikiza marehemu. Wazee walimpenda, wajawazito walimpenda, na wauza mayai ndio waliompenda zaidi. Akitaniwa alijibu, "Mwenda pole hajikwai," na mwenzake Ashiru, mwenye ulimi usio na breki, hakukosa kumalizia, "Wala hafiki."

Utani wa kijiweni aliuzoea. Kilichomchoma ni siku bintiye Flora aliporudi shuleni akauliza kama ni kweli baba yake anabeba wafu. Hapo Optatus alilala na jambo moyoni.

Ndipo zikaja habari kwamba chama cha waendesha pikipiki kutoka Dar kitafungua uwanja nje kidogo ya Masasi, kwenye njia ya zamani ya ndege ambako siku hizi hutua kunguru tu. Hayakuwa mashindano. Ilikuwa siku ya mtu kukimbiza pikipiki yake mpaka mwisho wa uwezo wake, bila mbuzi barabarani wala trafiki, na wageni wa mara ya kwanza walitengewa zamu yao. Optatus akajiandikisha kabla akili haijamfikia. Ashiru akaweka sharti mbele ya kijiwe kizima.

"Ukimaliza zamu bila kutolewa uwanjani, jina la Jeneza tunalizika. Ukitolewa, naliandika kwa rangi kwenye madigadi yako."

Maandalizi yakaanza. Waandaaji walitaka vioo vya pembeni vitolewe, taa zifungwe solotepu, na keria ing'olewe. Keria ilipotoka, pikipiki ikawa nyepesi, ikamchukua Optatus moja kwa moja hadi katikati ya mihogo ya jirani. Tangu aijue pikipiki hakuwahi kuiendesha bila abiria au gunia nyuma. Ikabidi ajifunze upya, na siku za mwanzo alikuwa akiuliza, "Umekaa vizuri?" halafu anakumbuka yuko peke yake.

Likabaki vazi. Walitaka mtu avae ngozi kuanzia shingoni hadi miguuni, na ngozi za Newala nyingi bado zina mbuzi ndani. Fundi cherehani Faudhia akasema anayo leza ya kahawia, ile ngozi ya makochi, imevuliwa kwenye makochi ya mtu. Akamshonea suti nzima, na vile vifungo vikubwa vya kochi vikabaki mgongoni.

"Hivyo usivitoe," akasema. "Ukianguka, utaangukia pazuri."

Isabela, mkewe, alipomwona amevaa alikaa chini mkekani akacheka huku ameshika mbavu.

"Baba Flora, huko uendako mtu akikukalia usishangae."

"Cheka utakavyo," Optatus akasema. "Ila mama asijue."

Mama aliyemsema ni mama mkwe. Optatus alipooa alihamia ukweni, kama wanavyofanya wengi huko, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpita mama mkwe akiwa juu ya pikipiki. Akimwona tu njiani, anazima injini, anashuka, anavua kofia ngumu, anasukuma pikipiki macho yakiwa chini, anaamkia, wanajuliana hali, kisha anapanda tena akishafika mbali. Vijana wengine siku hizi wanapiga honi na kupita. Yeye alilelewa. Isabela akamtoa wasiwasi kwamba mama amekwenda Lukuledi kwa kaka yake.

Alikwenda kweli. Ila akiwa huko akasikia kuna wageni wa Dar wanakusanyika Masasi, na Mama Isabela si mtu wa kusikia kuna wageni halafu akakaa na korosho zake ndani.

Siku ilipofika, msimamizi aliyeitwa Kulwa, dada mwembamba mwenye kipaza sauti, aliwasomea masharti. Usigeuke nyuma. Usisimame njiani bila sababu. Ukisimama utaonywa, ukirudia unatoka. Optatus akaitikia kila sharti kwa kichwa.

Zamu ikaanza, mizunguko kadhaa ya uwanja. Kona ya kwanza akaipita salama, na ya pili pia. Upepo ukaingia kwenye suti, kochi likavimba. Kwa mara ya kwanza maishani akampita mwenzake, na nusura amwombe radhi. Alikuwa na furaha kubwa sana. Akaingia kona ya tatu, na pale nyuma ya kamba, mbele ya beseni la korosho, akaiona kanga anayoifahamu.

Akili ilisema pita. Mwili haukusikia. Akafunga breki, akazima, akashuka, akavua kofia, akasukuma pikipiki macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Flora. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Mjukuu wangu?"

"Hajambo, mama."

Pikipiki zilikuwa zinapita mgongoni mwake moja baada ya nyingine.

"Na hilo si kochi langu?"

Optatus akajitazama. "Inaelekea ndilo, mama."

Kulwa akafika mbio. "Kaka, imeharibika?"

"Hapana, dada. Namwamkia mama mkwe."

Kulwa akanyoosha kipaza sauti kuelekea uwanjani. "Ukisimama tena unatoka. Hata ukimwona nani."

Optatus akapanda, akaondoka, na safari hii aliogopa kweli. Kusimama ni kutolewa, na Flora atalisoma jina kwenye madigadi kila asubuhi. Kupita ni kumvunjia heshima mama wa watu. Akafikiria kufumba macho, akakumbuka ana kona mbele. Kona ya tatu ikasogea.

Ashiru, aliyekuja kushuhudia sharti lake, alikuwa amesimama pale kwenye korosho, midomo ikimcheza, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa umefanya kazi ya maana, kwani alikwisha kumweleza Mama Isabela kila kitu. Naye Mama Isabela alikuwa amegeuka, ameupa mgongo uwanja na pikipiki zote, amejifunika kanga kuanzia kichwani. Na adabu ya ukwe iko wazi: mama mkwe akikupa mgongo na kujifunika, hamjaonana, na wasioonana hawadaiani shikamoo.

Optatus akavuta mafuta yote. Kila alipozunguka alikuta mgongo ule ule. Alimaliza wa mwisho, tena wa mwisho wa mbali, lakini hakuna aliyemtoa.

"Jeneza tumelizika," Ashiru akasema, akampa mkono. "Kochi, njoo tupige picha."

Kesho yake Mama Isabela alirudi Newala. Optatus alikuwa nyuma ya nyumba akirudisha keria, akamsikia Flora uani.

"Bibi, ni kweli baba alikimbia?"

Optatus akaacha kukaza nati.

"Mimi sikumwona," Bibi akasema, akiikung'uta kanga yake, udongo mwekundu ukitoka. "Ila vumbi lake nimelila."