Upande wa Ukutani

Jambo hili lilitokea mchana kweupe, jua likiwa utosini, na mimi nikiwa na akili zangu timamu. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia huuliza kwanza kama ilikuwa usiku, halafu huuliza kama nilikuwa nimekunywa kitu. Sinywi. Na afadhali ingekuwa usiku, maana usiku mtu hujiandaa kuogopa. Nani anajiandaa kuogopa saa sita mchana, ameshika blanketi mkononi?

Nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ndogo inayozungusha watalii na wasafiri wa kawaida ziwani, kutoka Mwanza kwenda visiwani na Bukoba, kisha kurudi. Jina lake naliacha, watu bado wanapata riziki pale. Safari moja ikiisha asubuhi, nyingine ilianza jioni ya siku hiyohiyo, na hapo katikati ndipo tulipokuwa tunakufa na kazi. Tuliiita siku ya kugeuza. Kama umewahi kulipia safari mbili mfululizo unajua ninachosema. Unagongewa mlango, unaambiwa shuka. Unasema, lakini mimi naendelea, chumba changu ni hikihiki. Tunajua. Acha mizigo yako, chukua kadi ya bluu, kakae ukumbini kule bandarini unywe chai mpaka uitwe. Wazungu walinuna, Wabongo waligomba, na wote walishuka, kwa sababu nahodha hakubali kupakia mpaka aambiwe meli ni tupu.

Hao wa kuendelea sisi tuliwaita wa kulala, maana vitanda vyao havikubadilisha mtu. "Una wa kulala wangapi leo?" Ndivyo tulivyoulizana. Msimamizi wetu, Mama Nyamizi, Msukuma wa Kisesa mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, hakulipenda neno hilo. Abiria wakiwepo alituvumilia. Meli ikishakuwa tupu, ole wako ulitamke. "Sema wa kuendelea," alituambia. "Ukienda msibani, wakisema fulani amelala, wanamaanisha nini?" Tulikuwa tunacheka. Alikuwa pia na tabia ya kupiga hodi kwenye kila chumba, hata alichokifunga mwenyewe, na kusubiri kidogo kabla ya kuingia. Sisi tuliona ni mambo ya kizee.

Siku ninayoisema Mama Nyamizi alikuwa amekwenda kuzika kwao Kisesa, na usimamizi nikaachiwa mimi. Siku hiyohiyo mama yangu mzazi, anayeishi Nyegezi, alikuwa anasafiri nasi kwenda Bukoba kumwona mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kaka yangu. Mama anaogopa maji tangu nimjue. Nilimbembeleza muda mrefu, nikamwapia kwamba nitakuwa naye na hakuna baya litakalompata. Nilimtafutia chumba cha mwisho cha chini, kilichotulia. Mwalimu aliyekuwamo aliposhuka, nilikisafisha kwa mikono yangu, nikatandika mashuka mapya, nikafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Watu walipokwisha kushuka nilipita kwenye korido nikiangalia kama kuna aliyesahaulika. Na kwa kuwa niliyemwogopa alikuwa mbali, nikapaza sauti kwa mzaha. "Kuna wa kulala humu? Wa kulala amebaki?" Hakujibu mtu. Jenereta lilikuwa limezimwa, yakasikika maji tu yakigonga ubavu wa meli. Nikapanda juu, nikamwambia nahodha meli ni tupu.

Baadaye kidogo nikakumbuka kwamba mama husikia baridi upesi. Nikachukua blanketi zito stoo, nikashuka nalo. Wenzangu walikuwa juu wanakula. Nikafika mlangoni, nikachomeka ufunguo, na kwa mazoea nikasema hodi.

"Karibu," sauti ikajibu ndani.

Niamini ninapokwambia sikushtuka. Siku ya kugeuza vyumba huchanganywa, abiria mmoja anaweza kupewa funguo za mwenzake, ni kawaida. Nilichosikia kilikuwa hasira tu, kwamba kuna mtu amelalia mashuka ya mama yangu. Nikazungusha ufunguo nikaingia.

Alikuwa mwanamke wa umri wa mama, amelala ubavu upande wa nje wa kitanda, kitenge kimefunika miguu, kilemba kichwani. Dirisha lilikuwa wazi, na mwanga ulitosha kumwona vizuri. Uso wa kawaida kabisa, kama wa mama yeyote unayekaa naye kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, tunageuza meli. Inatakiwa watu wote washuke."

"Mimi ni wa kulala," akasema. "Si umeniita mwenyewe pale koridoni?"

Nikaona aibu kwamba abiria amesikia maneno yetu ya kikazi. Nikalainisha sauti. "Hata wanaoendelea wanashuka, mama. Ni kidogo tu, na chai ipo. Kadi yako ya bluu iko wapi?"

"Nilipanda kabla ya hizo kadi."

Mimi nikaelewa kwamba alirudi chumbani kabla kadi hazijagawiwa asubuhi. Wewe ungeelewa nini? Nikawa nawaza namna ya kumtoa bila ugomvi. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Leo analala nani hapa?"

"Mama yangu mzazi," nikamjibu.

Akatabasamu. Akasogea ukingoni zaidi, karibu aanguke, akapapasa ile nusu ya kitanda iliyobaki. "Basi mwambie asihangaike. Nimemwachia upande wa ukutani."

Unajua kwetu upande wa ukutani anapewa nani. Anapewa mtoto au mgeni unayemheshimu, ili asianguke. Kwa hiyo ilikuwa heshima, na mimi mjinga nikasema asante. Nikaweka blanketi kwenye kiti, nikatoka kwenda kuuliza nani kampa chumba.

Kwenye ngazi alikuwepo Kulwa, mlinzi wetu, mtu mzima asiyependa utani. Nikamwambia kuna wa kulala mmoja amebaki chumba cha mwisho. Akaniangalia. "Wote wako ukumbini wanakunywa chai," akasema. "Nimetoka kuwaona sasa hivi. Na hicho chumba kilikuwa cha yule mwalimu. Begi lake nimembebea mimi mpaka getini."

"Labda alifunguliwa kwa ufunguo mwingine."

"Ufunguo mwingine anao Mama Nyamizi. Si yuko Kisesa?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeufungua mwenyewe.

Kulwa alitangulia, mimi nikamfuata nimeshika shati lake. Chumbani hapakuwa na mtu. Upande wa nje wa kitanda shuka lilikuwa limelowa na limebonyea, likinuka magugu ya ziwani. Upande wa ukutani shuka lilikuwa kavu, limenyooka kama nilivyolitandika, ila sasa pembe yake ilikuwa imekunjuliwa, kama mtu anavyomfunulia mwenzake aingie kulala. Kulwa alinivuta nje. Alifunga mlango, akanirudishia ufunguo, akaenda kunawa mikono.

Jioni mama alifika getini na kanga zake mpya na zawadi za mtoto kwenye kapu. Nilishuka mbio nikamzuia. Nimwambie nini mbele ya abiria? Nilisema vyumba vimejaa. "Si ulisema umenitandikia?" akauliza. Nikarudia kwamba vimejaa. Mama hakugomba. Alisema tu, "Unanifukuza mbele za watu," akageuka na kapu lake. Nilimpenda kuliko siku nyingine yoyote, na nilishindwa kumwonyesha. Karani akataka kukiuza kile chumba kwa abiria wengine, nikamdanganya kwamba choo kimeharibika. Tukaenda Bukoba na kurudi kikiwa kimefungwa.

Mama Nyamizi aliporudi msibani nilimweleza yote. Alinisikiliza akikunja foronya, na nilipofika kwenye lile swali akaziacha. "Ukamjibu?"

"Nikamjibu."

"Ulimtaja jina?"

"Hapana. Nilisema mama yangu mzazi."

Akakaa kitandani. Nilitegemea atanifokea. Akasema taratibu, "Angalau jina hakulipata. Ila mama yako mzazi ni mmoja tu, mwanangu."

Niliacha kazi. Mama alikwenda Bukoba kwa basi, akamwona mjukuu, akarudi bado amenikasirikia. Miguu ilipoanza kumsumbua nikamleta kwangu Kiseke, nikampa chumba chenye kitanda kipana alale kwa raha. Asubuhi ya kwanza nilipompelekea chai nilimkuta amejibana ukutani kabisa, nusu nzima ya kitanda iko tupu.

"Mama, mbona umejibana hivyo? Lala katikati."

"Sijui," akasema. "Usiku nashindwa kugeuka. Naona kama nimebanwa."

Sijawahi kumsimulia habari za meli, naapa. Neno ukutani halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele yake.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, siku ya kugeuza ukiambiwa shuka, shuka, hata kama una haki ya kubaki. Usibishane na mhudumu. Na kama wewe ndiye mhudumu, piga hodi hata kwenye chumba ulichokifunga mwenyewe. Ukisikia karibu, usiingie. Na mtu yeyote akikuuliza nani analala pale leo, sema hujui.

Mimi nimehamia chumbani kwa mama. Nimemwambia ni kwa ajili ya kumshika mkono akitaka kwenda chooni usiku. Ninalala upande wa nje, ili pasiwe na nafasi ya mtu mwingine. Mama bado anaamka amejibana ukutani, analalamika kwamba nimemsukuma usiku kucha. Na mimi naamka ukingoni, karibu nianguke, wakati kati yetu pamebaki nafasi ya kumtosha mtu.