Aliyesimama Nyuma ya Mpira Wangu

Nina hasira na sheria moja ya gofu, na nina hasira na bwana aliyenisomea sheria hiyo, lakini hizo ni hasira ndogo. Kubwa nitaifikia. Nianze na baba, maana bila yeye nisingeijua gofu wala nisingekuwa na la kukasirikia.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya Newala. Ukiwaambia watu wa huku kwamba unacheza gofu, wanacheka kwanza, halafu wanakuuliza hiyo homa imekuanza lini. Ilinianza utotoni. Baba, ujana wake, alikuwa kibarua wa mafundi wa barabara kule Masasi, na mafundi wale walijitengenezea uwanja wa mashimo sita chini ya mawe makubwa. Baba ndiye aliyevuta kamba kupima mistari, akapanga matofali pembeni mwa sehemu za kupigia, na jioni akawabebea mikoba. Walipoondoka wakamwachia mkoba mmoja uliochanika wenye fimbo tano. Akapanda nao huku juu Newala, akamwoa mama pale Kitangari, akapanda mikorosho kwa kamba ileile. Mimi nilijifunza kupiga mpira kati ya mistari ya mikorosho hiyo, na kijijini walidhani tunatafuta panya.

Miaka mingi baadaye walimu, watu wa benki na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine waliufyeka tena uwanja wa Masasi. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba hakuwa mwongo.

Asiyekuwa wa huku lazima aelewe jambo moja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anakuja kuoa, anajenga, analima, anapendwa, lakini neno la mwisho juu ya watoto ni la mjomba. Mjomba ndiye aliyeamua nisome uuguzi. Mjomba ndiye aliyepokea barua ya posa yangu, na ndoa ilipovunjika akawa yeye wa kuivunja rasmi, huku baba amekaa pembeni anachonga mpini wa jembe. Kitu pekee ambacho baba alikuwa na mamlaka nacho juu yangu bila kuuliza mtu ni upande nilioelekea nikiwa mbele ya mpira. Hapo alikuwa rais.

Sasa, kulenga kwenye gofu kunaudhi kuliko kupiga. Ukikosea kupiga, mikono yenyewe inakuambia. Ukikosea kulenga, unaupiga mpira vizuri kabisa, unaona raha mpaka mabegani, kisha unautazama ukienda zake porini. Ubaya ni kwamba husimami nyuma ya mpira kama mtu anayetupa jiwe. Unasimama ubavuni, na jicho linalotazama kutoka ubavuni ni shahidi wa uongo. Baba alinifundisha nianze nyuma ya mpira, nitazame bendera, halafu nitafute kitu cha karibu, jani au kijiti, hatua moja mbele, kilicho kwenye mstari uleule. Uso wa fimbo uelekee kwenye jani. Miguu ije mwisho, na isielekee kwenye bendera. Iende sambamba na mstari wa mpira, kama njia mbili za magurudumu ya trekta kwenye mchanga, ambazo hazikutani hata uzifuate mpaka Mnyambe.

Rahisi kusema. Sisi wanawake wa huku tumekua na ndoo za maji vichwani, na mwenye ndoo kichwani miguu yake huenda macho yalipo, basi. Mwili wangu haukutaka kusikia habari ya kutazama huku na kuelekea kule. Nikitazama bendera, vidole vya miguu navyo vinaifuata, bega linafuata, na mpira unakwenda kulia.

Kule Masasi kulikuwa na balaa jingine. Shimo la nne lina bendera iliyosimama peke yake kwenye uwazi, na kuliani mwake, mbali, kuna jiwe kubwa kama mlima. Jiwe lile linavuta macho. Ukilitazama mara moja tu umekwisha, na huku unajiona umenyooka, maana kitu kikubwa kiasi kile huwezi kukikosa. Baba alikuwa anasimama nyuma ya mpira, mkoba begani, anakohoa kidogo, anasema:

"Mama, leo tena unaliamkia jiwe shikamoo? Rudi kushoto."

Narudi kushoto nikinuna. Napiga. Mpira unakwenda kwenye bendera. Miaka yote ilikuwa hivyo, na miaka yote niliudhika, kwa sababu kila aliponirekebisha nilijiona nimepinda. Mtu amenyooka, anajijua amenyooka, halafu anaambiwa yuko upande! Nyani haoni kundule, wanasema, lakini hakuna anayesema jinsi nyani anavyojisikia akionyeshwa.

Basi yakaja mashindano ya kuchagua watu wanne wa kwenda Dar es Salaam kuuchezea mkoa. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Nilijua nafasi ile haitanirudia. Nilifanya mazoezi msimu mzima kati ya mikorosho, asubuhi kabla ya zamu, nikilaza fimbo mbili ardhini, moja ya mstari wa mpira na moja ya miguu, mpaka nikawa naziona ndotoni.

Asubuhi ya mashindano, bwana mkuu wa mchezo, mtu wa ofisini aliyehamia kutoka bara, alitusomea sheria kutoka kwenye kijitabu. Mojawapo ilisema mbeba mkoba haruhusiwi kusimama nyuma ya mpira kwenye mstari pale mchezaji anapoanza kupanga miguu, mpaka atakapopiga. Adhabu ni mikwaju miwili. Nilimtazama baba. Alitikisa kichwa kukubali. Mashimo matatu ya kwanza alikaa mbali kabisa, kwa adabu, kama mgeni ukweni.

Tukafika shimo la nne. Nilikuwa wa tatu kati ya kumi na mmoja. Nikachagua jani langu, nikaweka uso wa fimbo, nikapanga miguu, nikainua macho kutazama bendera. Kuliani mwangu, nyuma ya mpira, nikasikia kikohozi.

"Mama, jiwe. Rudi kushoto."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Sikugeuka hata kumtazama. Nikiwa vilevile, miguu imepangwa, fimbo mkononi, nikapiga kelele iliyorudi kutoka kwenye mawe:

"Baba, ondoka hapo! Unaniharibia! Hujui kitu!"

Na bado kelele ile haijaisha hewani, nikapiga.

Mpira ulikwenda kulia. Ulikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, kama uliotumwa. Niliutafuta vichakani, nikautoa kwa shida, nikamaliza shimo vibaya, na bwana mkuu akaniongezea miwili ya baba. Mwisho wa siku nilikuwa wa tano. Nilikosa nafasi kwa mkwaju mmoja.

Nilimfuata bwana mkuu pale alipokuwa anakunja karatasi zake. Nilimwambia sheria yake haina akili, kwamba mzee wa watu hawezi kusahau mazoea ya miaka thelathini kwa asubuhi moja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akafungua kijitabu.

"Pole, dada. Lakini sheria inatoa njia. Ungerudi nyuma kabla hujapiga, ukamwomba mzee asogee, ukapanga miguu upya, kusingekuwa na adhabu yoyote."

"Ningerudi tu nyuma?"

"Ungerudi tu nyuma."

Hii ndiyo hasira kubwa niliyosema nitaifikia. Mikwaju ile miwili haikuwa ya baba. Ilikuwa yangu, niliinunua kwa mdomo wangu. Kama ningeshusha pumzi, nikasema "baba, naomba usogee kidogo," ningekwenda Dar. Na huenda ningetazama miguu yangu vilevile. Nilijichukia siku ile, na nilimchukia bwana yule kwa kuwa na adabu.

Baba alikuwa amekwisha kuuweka mkoba kivulini, ameufuta vumbi, amefunga kila fimbo kwa kamba yake. Tulipanda gari kurudi, mkoba kati yetu. Kufika Kitangari akamsalimia mama, akaenda shambani.

Kwa kawaida ya kwetu, mtu aliyemfokea mzazi mbele za watu hajipelekei msamaha mwenyewe. Nilikwenda kwa mjomba. Mjomba alikuwa amekwisha kusikia, Masasi hakuna siri. Akanikemea vya kutosha, kisha Ijumaa baada ya swala akatuita wote nyumbani kwake. Akatukalisha kwenye mkeka uani, juani, baba upande mmoja, mimi upande mwingine, yeye kati.

Nikasema niliyofundishwa kusema. Macho nimeyatupa kwenye mkeka, kama inavyotakiwa.

"Mtazame baba yako," akasema mjomba. "Ulimfokea bila kumtazama. Msamaha uombe ukimtazama."

Nikainua macho.

Niseme ukweli, sikumbuki mara ya mwisho niliyokaa uso kwa uso na baba mchana kweupe. Shambani huwa kainama. Nyumbani anakaa kibarazani kando ya mlango. Na kwenye gofu, kazi yake ilikuwa kusimama kuliani mwangu, na mimi kazi yangu ilikuwa kutazama bendera iliyo kushoto, kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa nampa kisogo. Sasa jua lilikuwa linampiga usoni. Mboni zake zote mbili zilikuwa na weupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena si wa juzi. Mimi, muuguzi, ninayewamulikia tochi macho wazee wa kata nzima ya Makote.

"Baba, tangu lini huoni?" Sauti ikanitoka ileile ya shimo la nne.

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona karibu."

"Bendera je?"

Akamgeukia mjomba. Mjomba akashika kichwa. "Tumekaa hapa kumaliza kelele moja, mpwa wangu, wewe umeleta ya pili."

Lakini sikuweza kunyamaza. Nikamuuliza alikuwa ananirekebishaje, mtu asiyeona bendera. Akajibu polepole, anamwambia mjomba badala yangu, kwa sababu bado hatujapatana.

"Bendera haihami, shemeji. Mstari ule niliuvuta mimi kwa kamba, na matofali ya pembeni niliyapanga mimi, yanaelekea kwenye shimo. Mimi natazama vidole vyake na matofali. Vidole vikienda peke yake, namwambia."

Matofali! Nilikuwa nimesimama kando ya matofali yale miaka yote, ningeweza kuyagusa kwa fimbo, na sikuwahi kuyatazama hata siku moja. Nilikuwa natazama jiwe.

Baba alisema amenisamehe. Mjomba akatuombea dua, tukala. Nikadhani yamekwisha. Lakini Jumapili nilipobeba mkoba kwenda kati ya mikorosho, alikuja, akakaa kwenye gogo mbali kabisa, akawa anapepeta karanga. Nilipiga mipira mibaya makusudi, yote kulia. Hakukohoa. Nilipiga mingine mibaya bila makusudi. Karanga tu. Nikajua kusamehewa ni kitu kimoja, na kusimamiwa nyuma ya mpira ni kingine, na hiki cha pili hata mjomba hana uwezo nacho. Nilimtaka arudi pale kuliko nilivyotaka Dar. Sikuweza kumwambia. Nilichoweza ni kumgombeza kuhusu macho, na niligombeza kila siku, mpaka mama akaniambia nitampasua mzee kabla ya daktari.

Madaktari wa macho walipokuja nilimpeleka. Wakampasua jicho moja kwanza, la pili baadaye. Aliporudi nilimkataza kuinama, nikamkataza kubeba, nikamkataza shamba lote wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, na nilimkuta shambani mara tatu, kila mara anasema amepita tu.

Siku moja, salfa imekwisha na chini ya mikorosho kumefagiliwa, nilikuwa napanga mipira yangu kwenye njia ya kati ya mistari. Nikasikia hatua. Alinipita. Hakusimama nyuma ya mpira. Aliendelea mbele, polepole, anagusa mkorosho mmoja mmoja kwa kiganja kama anayehesabu watoto, mpaka mwisho kabisa wa mstari, mahali ninapowekaga kitambaa cha kulenga. Akakitoa kitambaa. Akasimama yeye.

"Baba, ondoka hapo!"

Nilisikia mwenyewe nilichosema. Maneno yaleyale. Nikaishusha fimbo.

"Piga," akasema kutoka kule.

"Baba, nitakuumiza! Sogea!"

Akaweka kiganja juu ya macho, akanitazama kutoka mbali kule, na nikajua ananiona, ananiona mpaka kwenye kandambili.

"Piga tu, mama. Kwa ulivyosimama, mimi hunipati."

Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa imeelekea kulia, kwenye mkorosho wa jirani. Hasira ikanipanda upya, nikarudi nyuma, nikaanza kupanga tena.