Mume Anayekoroma

Jumatano iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilibadili mawazo kuhusu kituo chetu cha polisi. Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya wilaya, Rubwera, nikifuatilia cheti cha kifo cha mume wangu.

Mbele yangu mama wa kijiji jirani alimweleza karani kwamba michango yao ya kujenga kituo wameihamishia kwa sungusungu, walinzi wa kijiji, na kila nyumba imepewa filimbi.

"Wezi wa kahawa walimvamia mzee wangu shambani, nikapuliza," alisema, vidole mdomoni. "Majirani wakajaa mgombani! Amepona. Lakini anavyokoroma, mwenzangu, natamani nimpulizie na yeye."

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Sisi, kwenye mkutano wa kijiji, tulichagua kituo, na mimi nilinyoosha mkono. Kimepakwa rangi nzuri. Wezi walipomvamia mume wangu, askari wetu wawili walikuwa kijiji kingine. Majirani walisikia yowe langu, wakabaki ndani wakiambiana, "Kituo kipo."

Kwenye mkutano ujao nitasimama kuomba michango iliyobaki iende kwa sungusungu. Nakiri wasomaji wangu, namwonea wivu yule mama, hata kwa usingizi anaokosa.

Ee Bwana, umlaze mume wangu mahali pa amani, nami unisamehe.