Siku Tulipoziba Mfereji wa Kambi

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kazi ya serikali huwajibu kwamba nilichoka, basi. Si kweli. Niliacha kwa hasira, na hasira hiyo mpaka leo haijaniisha.

Ilikuwa ile miaka ya wawekezaji kupokelewa kwa ngoma kila kona. Kampuni moja ilikuwa imepewa kibali cha kutafuta urani katika bonde fulani magharibi ya Dodoma. Mgodi ulikuwa bado. Walikuwa wanatoboa tu ardhi kwa mtambo ili wajue chini kuna nini. Lakini ukitoboa, maji na tope hupanda juu, na tope lililopita kwenye mwamba wenye urani huja na mionzi yake. Mimi nilikuwa fundi wa maabara. Kazi niliyopewa ni kwenda kambini, kuchota maji yanayotoka na kuyapima kama hayajazidi kiwango. Kibali kilisema wazi kwamba yapimwe pale yanapotoka kambini. Maneno hayo hayahitaji mwanasheria.

Mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi hiyo alikuwa amestaafu, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza. Meneja wa kambi, kijana mchangamfu aliyesoma nje, alinipa soda baridi, kisha akanipeleka upande wa juu wa kambi kwenye kisima kizuri kilichozungushiwa uzio wa waya, geti limefungwa kwa kufuli.

“Hapa ndipo mnapopimia,” alisema.

“Kaka, mtambo uko kule chini. Maji yake yanapandaje mpaka huku?”

Alicheka. “Dada, aliyekutangulia alichota hapa siku zote. Hatukuwahi kupata tatizo.”

Sikufungua hata chupa moja ya kuchotea. Nilishika njia nikaufuata mlio wa mtambo, naye nyuma yangu ananiita. Nyuma ya mahema nilikuta shimo kubwa limejaa tope la kijivu mpaka limefurika. Maji yaliyofurika yalikuwa yameelekezwa kwenye mfereji, na mfereji ulikuwa unashuka moja kwa moja kwenye bustani za watu. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti ukingoni, anachota kwa kata na kujaza ndoo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Maji haya ni ya kumwagilia?”

“Ya kumwagilia, ya kupikia, ya kunywa. Tukiyaacha yakatulia, tope linakaa chini.”

“Kwani hamna kisima?”

Alinitazama kana kwamba namdhihaki. Akanyoosha kidole kule nilikotoka. “Kisima chetu si kile pale? Wamekifunga. Wametuambia ni cha kupimia.”

Walikuwa wamewanyang'anya watu maji safi ili wapate mahali safi pa kupima, halafu watu hao hao wakaachiwa uchafu wa mtambo. Nilisogeza kipima mionzi changu kwenye tope la mfereji kikaanza kulia kwa kasi. Sitaki kutia chumvi: hakuna ambaye angeanguka pale pale. Ubaya wa kitu kile hauna haraka. Humwingia mtu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na akiugua hakuna atakayekumbuka mfereji.

Meneja alipofika alisema, “Hao hatukuwaambia wanywe.”

Niliomba simu ya kambi nikampigia mkuu wangu wa kitengo mjini. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mama, chukua maji pale ulipoonyeshwa, urudi. Usituletee ugomvi na mwekezaji.”

Nilirudi mferejini. Nikajaza chupa zangu kwa maji yale yale, nikatia matone ya tindikali ya kuyahifadhi, nikaandika juu yake yalikotoka. Kisha nikamweleza yule mama, kwa Kiswahili chepesi, maji yale yana nini. Alimwaga ndoo yake, akaondoka. Nikadhani amekwenda nyumbani kulia.

Alirejea na wanawake wenzake, kila mmoja na jembe begani. Walianza kukata udongo wa ukingo na kuujaza ndani ya mfereji, wakisemezana Kigogo, bila kelele. Nami nilivua viatu nikaingia. Muda si mrefu maji yalikosa pa kwenda, yakarudi nyuma, yakaingia jikoni mwa kambi, yakaingia kwenye hema la meneja. Mtambo ukazimwa.

“Waambie waache!” meneja alinifokea.

“Waambie wewe. Kiswahili wanakisikia.”

Yule mama alijinyoosha, jembe mkononi. “Fungua kisima,” alisema.

Meneja akamwita mlinzi aje awafukuze. Mlinzi alikuwa mzaliwa wa pale, na dada yake alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanachimba. Aliwatazama, akamtazama bosi wake, kisha akachukua funguo na kuelekea kisimani. Wanawake wakamfuata.

Kisima hakikufungwa tena. Kila mfereji ulipozibuliwa, wanawake waliuziba, mpaka kampuni ikachimba bwawa jingine mbali na bustani na kulitandika plastiki. Hilo tulilipata. Lakini niliporudi ofisini mkuu wangu aliagiza chupa zangu zimwagwe, kwa sababu maji hayakuchukuliwa “mahali palipoidhinishwa”. Zilimwagwa kwenye sinki la maabara, mbele ya macho yangu, na bomba likafunguliwa kuyasukuma. Niliandika barua ya kuacha kazi siku hiyo hiyo.

Baadaye kampuni iliondoka yenyewe. Nilikwenda kumtembelea yule mama, akanipikia ugali wa uwele na mlenda. Tulipokuwa tunanawa aliniuliza, “Yale maji uliyochukua, majibu yalitoka?”

Nikamwambia yalimwagwa.

“Kwa hiyo hatutajua tulikunywa nini.”

“Hatutajua, mama.”

Alinisogezea bakuli la mlenda. Nilikula, hasira ikiwa pale pale.