Kaseti ya Bonareri na Kufuli la Manasseh

Manasseh Obwocha alikuwa mtu wa funguo. Katika shule ya sekondari alikofanya kazi mjini Kisii, yeye ndiye aliyetunza maabara, na kila kabati lenye kitu cha kuunguza, kulipuka au kulevya lilifunguliwa kwa ridhaa yake tu. Wanafunzi walimwita mwalimu ingawa hakufundisha chochote. Walimu walimwita Manasseh, tena walipotaka asidi tu. Nyumbani kwake, mlimani Nyanchwa, alikuwa mzee wa kanisa, baba wa watoto wawili na, tangu Januari 1996, mume wa barua.

Mkewe, Bonareri, alikuwa amekwenda Minnesota kusomea uuguzi. Miaka miwili tu, walikubaliana, na kanisa zima likaiombea miaka hiyo miwili, si zaidi. Sasa ulikuwa Agosti 1998, na barua za karibuni zilisema Desemba. Manasseh hakuwa mtu wa kulalamika, lakini kuhesabu alijua.

Televisheni aliinunua mwaka wa pili wa upweke, kwa sababu watoto walikuwa wakienda kutazama kwa jirani na kurudi na maneno. Aliinunua, pamoja na mashine ya kaseti za video, kwa Gautam, ambaye familia yake iliuza redio na pasi za umeme mjini tangu Manasseh akivaa kaptula.

"Hii ina kufuli ndani kwa ndani, mwalimu," Gautam alimwambia. "Hakuna ufunguo wa kupotea. Unaweka namba nne kwa rimoti, basi. Mtoto atabonyeza mpaka achoke. Itamwonyesha picha ya kufuli tu."

"Na fundi je?"

"Hata fundi. Hata mimi. Ukisahau namba usiniletee."

Manasseh aliona kwamba hatimaye wenye viwanda wamefikiria jambo la maana. Namba alichagua ambayo hangeisahau: mia moja sabini na tatu, namba ya wimbo walioimba uani siku ya kumsindikiza Bonareri, na sifuri mbele ili zitimie nne. Wimbo huohuo aliuchagua kila jioni kwenye ibada ya nyumbani, akiutaja kwa namba, kwa sauti ya mzee wa kanisa, mbele ya watoto wawili wenye masikio. Hakuona hatari. Kwake namba ya wimbo ilikuwa namba ya wimbo, na namba ya kufuli ilikuwa siri.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Siku za shule televisheni ilifunguliwa wakati wa habari, ikafungwa habari zilipokwisha. Ijumaa jua likikaribia kuzama, Manasseh aliifungulia nyumba Sabato na kuifungia televisheni. Jumamosi jua likizama, kinyume chake. Okemwa, aliyekuwa na miaka tisa, alijua saa ya machweo kuliko mhubiri yeyote wa wilaya.

Jumatano moja, muumini aliyerudi kutoka Amerika alileta barua fupi na kaseti ya video. Barua ilisema Bonareri ni mzima, na ikamalizia hivi: "Habari ya kurudi nimeieleza yote kwenye kaseti, maana kalamu ilinishinda."

Manasseh aliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa mtu mwenye kazi. Lakini kaseti za Amerika hazisomeki kwenye mashine za huku, kwa hiyo ilibidi ampelekee Gautam ainakili kwenye mashine yake. Na kaseti hainakiliwi ukiwa umefumba macho.

Ijumaa jioni aliifuata. Gautam, ambaye kwa kawaida humweleza mteja hata habari za mvua, alimkabidhi kaseti ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

"Picha safi?" Manasseh aliuliza.

"Safi sana."

"Na sauti?"

Gautam alianza kupanga betri zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Sauti pia iko. Mwalimu, tazama nyumbani. Kaa chini kwanza."

Manasseh, ambaye hakuwahi kutazama televisheni akiwa amesimama, alipanda mlima na ushauri huo kifuani. Watoto walikuwa wakimngoja njiani.

"Tata, lete! Jua bado!" Okemwa alimpigia baba yake kelele. "Ona migomba inavyong'aa!"

"Kinachong'aa ni bati la jirani."

Aliingia ndani, akatazama saa. Zilibaki dakika kumi na nane. Kaseti, kwa maandishi ya Gautam, ilikuwa ya dakika arobaini.

"Tuone hizo kumi na nane, tata."

"Tumkatize mama yako katikati ya neno, kama redio yenye betri mbovu?"

"Mama si sinema," alisema Nyakerario, binti yake wa miaka kumi na minne, polepole.

"Najua," alisema Manasseh. Akabonyeza namba zake nne akiwa amewapa watoto mgongo, kufuli dogo likatokea kwenye kioo, na wote watatu wakalitazama kama jamaa aliyefika wakati mbaya. Kisha akatangaza wimbo. Okemwa alipatwa na kikohozi.

Asubuhi ya Sabato Nyakerario aliumwa na tumbo. Manasseh alimpa maji ya moto na ruhusa ya kulala, akaenda kanisani na Okemwa. Huko alisimama penye kusimama na kuketi penye kuketi, lakini moyoni alikuwa akisikia sentensi moja ikisemwa kwa namna mbili. Nakuja Desemba. Siji Desemba. Kila alipoisikia ya kwanza, Gautam alianza kupanga betri.

Mchana Nyakerario alikuwa amepona ghafla, akaenda na mdogo wake kwenye mkutano wa vijana. Wazee wa kanisa nao walikuwa na kikao. Manasseh hakuwa amekosa kikao kwa miaka kumi na mmoja, na ndiyo sababu hakuna aliyemuuliza alipoinuka na kuondoka.

Saa tisa alikuwa sebuleni kwake, mlango umerudishwa. Jua lilikuwa juu, jeupe, halina habari na mtu. Mama si sinema, mtoto alisema. Manasseh alilipima neno hilo kama anavyopima kemikali, akaona lina uzito wa kutosha. Akachukua rimoti, akabonyeza sifuri, moja, saba, tatu.

Kufuli likabaki palepale.

Akajaribu tena, akilitaja kila tarakimu kwa mdomo. Akageuza sifuri ikaja nyuma. Akapangusa rimoti kwa shati. Mtoto atabonyeza mpaka achoke, Gautam alikuwa amesema; Manasseh alibonyeza mara kumi na moja.

"Tata."

Nyakerario alikuwa mlangoni. Alitazama rimoti, kisha dirisha lililojaa mwanga, kisha baba yake. Kwa muda hakuna aliyekuwa na haki ya kuuliza kwanza.

"Kikao kimekwisha mapema?" binti alisema.

"Tumbo limepona mapema?"

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. "Nimebadilisha namba. Kitabu cha maelezo kinaonyesha namna."

"Lazima kwanza uijue ile ya zamani."

"Tata, si unaitangaza kila jioni? Hata Okemwa anaijua. Tuliijua wiki ya pili tu."

Mtunza maabara alifikiria mwaka mzima wa ibada. "Na mlikuwa mkifungua?"

"Mara chache. Hatukutaka ujisikie vibaya."

Katika siku nyingine jibu hilo lingezaa hotuba. Leo Manasseh alisikia kilichokuwa chini yake. "Umeitazama, Nyakerario."

"Asubuhi."

"Na ukanifungia mimi."

"Nilijua hutangoja." Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya tumbo. "Sikutaka uione ukiwa peke yako. Mimi niliiona peke yangu."

Manasseh aliweka rimoti mezani taratibu, kama chupa yenye kitu kikali. Alikuwa na swali moja, na jibu lilikuwa limekaa mbele yake na gauni la Sabato. Angeweza kuuliza. Badala yake alisema, "Basi tungoje jua. Si kwa ajili ya sheria. Tungoje tu."

Wakangoja. Kwa saa hizo tatu na zaidi Bonareri alikuwa bado anakuja Desemba, na Manasseh hakuwa na haraka tena. Okemwa aliporudi aliwakuta wamekaa kimya, akadhani ni ibada, akakaa.

Bati la jirani lilipozima, Nyakerario alibonyeza namba alizozijua yeye, na Bonareri akatokea. Alikuwa amesimama kando ya gari lisilo lake, akiwa na sare nyeupe, nywele zimenyooshwa. "Bwakire," alisalimu, salamu ya asubuhi, kwa watu waliokuwa wamekwisha kuwasha taa. Akasema huko jua linakawia, Sabato ya kiangazi inaanza saa tatu usiku, akacheka. Akawataja watoto, kisha ng'ombe kwa jina. Akatazama chini. Akasema amepata nafasi ya kusomea shahada, kwamba mtu haachi nafasi kama hiyo mlangoni, na kwamba ni miaka mitatu. Akasema, "Manasseh, unisamehe," na mtu asiyeonekana akamwambia kitu kwa Kiingereza, naye akapangusa uso, akaendelea na ng'ombe.

Kaseti ilipokwisha Okemwa alikuwa akihesabu kwa vidole. "Nitakuwa darasa la saba," alisema, akatoka nje kwenda kuona kuku, ambao hawakuwa na haja ya kuonwa.

"Rudisha," Manasseh alisema.

"Pale pa shahada?"

"Mwanzo."

Kisha Manasseh akachukua rimoti, akapunguza sauti mpaka ikaisha. Bonareri akatokea tena kando ya gari, akaanza kusema. Bila sauti, alikuwa mwanamke mwenye sare nyeupe aliyefurahi kuwaona, akacheka, akainua mkono kuzuia jua. Na midomo yake ilipofika pale penyewe, ilikuwa ikisema lolote ambalo mtu angependa. Nyakerario alisogeza kiti chake karibu na cha baba yake. Manasseh akarudisha tena.